Kebo za picha na sauti kwa sinema ya nyumbani: ubora upi unastahili kulipiwa?

Mtazamaji wa Usiku aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninatayarisha chumba kimoja cha nyumbani kiwe cha kutazamia filamu, na nimefika mahali ambapo vifaa vyote vipo isipokuwa uhakika wa kebo. Projekta itaning'inia darini nyuma ya viti, resiva (kifaa kinachopokea picha na sauti na kusukuma spika) na kicheza diski vitakaa kwenye kabati chini ya skrini, na nikipima njia ambayo kebo ya picha itapita, kupanda ukutani, kuvuka dari na kushuka hadi kwenye projekta, napata mita 11 na ushee. Spika mbili za nyuma ziko umbali wa mita 9 za waya kutoka kwenye resiva, na mgongoni zimeandikwa omu 6 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Sabufa, yaani spika ya besi, inajitegemea kwa umeme na itakaa kwenye kona ya kushoto.

Kwa majaribio nilinunua kebo ya HDMI ya mita 12 nikailaza sakafuni kabla ya kutoboa kitu chochote. Filamu zinaonekana vizuri tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini nikiweka mchezo au kipindi cha 4K chenye HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza) kinachokwenda kwa fremu 60 kwa sekunde, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili hivi, kisha picha inarudi kana kwamba hapakutokea kitu, na hali hiyo hujirudia kila baada ya dakika chache. Mara mojamoja naona pia vidoa vyeupe vinavyometameta kwenye sehemu za giza.

Muuzaji alinieleza kwamba dawa ni kebo ya daraja la juu kabisa, iliyovikwa uzi wa kusuka na yenye vichwa vilivyopakwa dhahabu, akaongeza kwamba hata weusi wa picha utakolea na sauti itakuwa tamu zaidi. Hapo ndipo niliposita, maana bei yake ilikuwa inakaribia ya spika moja. Naomba kujua mambo matatu: bei ya kebo inaashiria nini hasa, waya wa spika unachaguliwa kwa kuangalia nini, na je, sauti niipitishe kwenye HDMI au kwenye ile kebo ya mwanga ya sauti (optical)?

Fundi Nyaya alijibu:

Salamu, mkuu. Muuzaji wako yuko sahihi kwa nusu ya aliyokuambia. Kebo inaweza kweli kuwa ndiyo mgonjwa, lakini hakuna kebo ya HDMI itakayoongeza weusi wa picha wala utamu wa sauti. Kinachopita humo ni namba, na projekta ama inazisoma sawasawa ama inazikosea. Zikisomwa sawasawa, picha ni ileile, kebo iwe imevikwa uzi wa kusuka au plastiki ya kawaida. Makosa yakianza hayaji kwa rangi kupauka kidogo kidogo, kama tulivyozoea enzi za nyaya za kichwa chekundu, cheupe na cha njano. Yanakuja kama hivyo vidoa vinavyometameta, kisha skrini inazimika wakati vifaa viwili vinapatana upya, na mwisho kabisa picha haitoki. Hatua kati ya kebo nzima na kebo isiyofaa ni fupi mno, na yako imesimama katikati ya hatua hiyo.

Kwa nini filamu zinapita salama? Ni hesabu ya mzigo tu. Picha ya 1080p, yenye nukta chache kuliko 4K, ikiwa na fremu 60 hupitisha takriban gigabiti 4.5 kwa sekunde, na ya 4K yenye fremu 60 inaweza kufika karibu gigabiti 18. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24, kwa hiyo hata ikiwa ya 4K hubeba takriban nusu ya mzigo huo, na kebo yako inauweza. Ukiupandisha mara mbili, inapepesuka.

Ukitaka ubora unaopimika, tafuta lebo ya uthibitisho. Kebo iliyothibitishwa kwa daraja la Premium High Speed imepimwa kwa gigabiti 18, na ya Ultra High Speed imepimwa kwa gigabiti 48. Kwenye boksi huwa na kibandiko chenye msimbo wa kuskani kwa simu kupitia programu rasmi ya HDMI, na inapasa majibu yalingane na jina la kebo pamoja na urefu wake, kwa sababu kebo ya mita 2 kufaulu hakuifaulishi ndugu yake wa mita 8. Boksi likijigamba kwa herufi kubwa kwamba ndani mna "kebo ya HDMI 2.1", lakini halina kibandiko hicho, lirudishe rafuni. Namba za toleo ni za vifaa, na utaratibu wa leseni za HDMI hauruhusu kebo kupewa jina la namba hizo.

Dhahabu kwenye kichwa ina kazi moja, nayo ni kuzuia kutu. Ni kazi ya maana mahali penye unyevunyevu au penye kichwa kinachochomekwa mara kwa mara, ila haigusi picha. Uzi wa kusuka nao hulinda kebo isichunike inapovutwa kwenye kona.

Tatizo lako kubwa ni urefu. Kebo ya shaba isiyo na saketi ya kuongeza nguvu huanza kuhangaika na gigabiti 18 ikivuka mita 7 au 8 hivi, na kwa gigabiti 48 ni nadra kuikuta iliyothibitishwa ikiwa ndefu kuliko mita 5. Kwa mita 11 na ushee, mimi nisingetafuta shaba nene zaidi. Ningechukua kebo ya nyuzi za mwanga, ambayo kichwani ina saketi inayogeuza umeme kuwa mwanga, na upande wa pili mwanga unageuzwa kuwa umeme tena. Ni nyembamba, nyepesi, na haijali mita 15 au 20. Ina masharti mawili. Kwanza, usiikunje kama unavyokunja kamba ya viatu, kwani nyuzi zitavunjika ndani bila kuonyesha jeraha nje. Pili, ina mwelekeo: kichwa kimoja ni cha kifaa kinachotoa picha na kingine ni cha kifaa kinachoipokea, na ukivigeuza haitafanya kazi.

Lakini kabla hujanunua, tafuta mhalifu. Shusha projekta, iweke mezani karibu na kabati, na uiunge na resiva kwa kebo fupi ya mita 1 au 2. Weka kipindi kilekile kinachosumbua na ukiache kwa saa nzima. Skrini ikizimika hata hapo, kebo ndefu haina kosa, na itabidi uitazame resiva, au kebo inayotoka kwenye kicheza diski, au mpangilio wa tundu la HDMI kwenye projekta. Projekta na runinga nyingi zina tundu ambalo, lisipowashwa hali ya juu kwenye menyu, hupokea mzigo mdogo tu. Nimewahi kubadilisha kebo mbili kwa mteja kabla ya kufungua menyu hiyo, na siku ile nilirudi nyumbani nimenyamaza.

Mzee wa Spika alijibu:

Fundi amemaliza upande wa picha. Mimi nitashughulika na spika, kwa sababu hapo ndipo watu hupunjwa zaidi na kulalamika kidogo.

Waya wa spika, tofauti na HDMI, unabeba mkondo wa umeme wenyewe unaosukuma spika, na adui yake ni ukinzani. Kanuni tunayoitumia wengi wetu ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu zilizoandikwa kwenye spika. Kwa spika yako ya omu 6, kikomo ni omu 0.3. Umbali wako ni mita 9, lakini umeme unakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo hesabu mita 18. Shaba ya unene wa milimita za mraba 0.75, ule waya mwembamba unaokuja bure ndani ya boksi za spika, itakupa takriban omu 0.41, yaani umeshavuka. Ya 1.5 itakupa 0.21, na ya 2.5 itakupa 0.12. Kwa chumba chako 1.5 inatosha, na 2.5 ni ya kukulaza usingizi iwapo utahamisha spika mbali zaidi siku moja. Zaidi ya hapo unalipia uzito. Unene ukiandikwa kwa vipimo vya Kimarekani, kumbuka namba inakwenda kinyume: waya wa 14 ni mnene kuliko wa 16, na huo wa 16 una milimita za mraba 1.3 hivi.

Sasa sikiliza hili vizuri. Hesabu hizo zote ni za shaba. Kuna waya unaouzwa kwa wingi ambao ndani yake ni alumini, na shaba imepakwa juu tu kama rangi. Kwa macho ni mwekundu uleule wa shaba, lakini ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba tupu. Chukua huo wa 1.5 kwa mita zako 18: badala ya 0.21 utapata takriban 0.32, na kikomo kimevukwa ilhali wewe unaamini umenunua unene wa kutosha. Hautazuia spika kulia. Spika zitalia, ila umelipia kitu kimoja ukapewa kingine. Zaidi ya hayo, nyuzi zake hukatika upesi ukizikunja mara mbili tatu unapozifunga.

Mimi mwenyewe niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilinunua gurudumu zima la waya mnene, wenye ganda angavu linaloonyesha ndani, nikafurahia ulivyo mwepesi kuubeba. Wepesi huo ndio uliopaswa kunishtua, kwa sababu shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini ya ukubwa uleule. Nilipochubua ncha nikakwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu, wekundu ukatoka kama ngozi ya kitunguu na chini yake kukawa na weupe wa fedha. Tangu siku hiyo sinunui waya bila kuomba kipande cha kukwangua. Shaba ya kweli ukiikwangua, au ukiikata na kuitazama mkato wake, ni nyekundu hadi katikati. Angalia pia unene wa nyuzi zenyewe badala ya unene wa ganda, maana baadhi ya watengenezaji huvimbisha plastiki ili waya uonekane mnene.

Maandishi ya shaba isiyo na oksijeni yana faida moja: yanaahidi kwamba angalau ni shaba. Tofauti yake na shaba ya kawaida ya umeme katika kupitisha mkondo haifiki kiwango cha kusikika, kwa hiyo usiyalipie mara mbili.

Unapofunga, hakikisha chanya inakwenda kwenye chanya na hasi kwenye hasi kwa kila spika. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea na sauti hukosa mahali pa kukaa, na mtu hukimbilia kulaumu waya. Kama umesahau upande upi ni upi baada ya waya kuingia ukutani, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha mbili kwa nukta moja, mwisho ule mwingine ukiwa umeungwa kwenye spika pekee, bila resiva. Kikombe cha spika kikisukumwa nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Na usiache hata unywele mmoja wa waya ukivuka kutoka tundu moja hadi jingine mgongoni mwa resiva. Unywele huo mmoja unatosha kuizima, au kuiunguza.

Sikio Kali alijibu:

Ninawaheshimu wazee wangu hapo juu, lakini nadhani mnaitupa hoja ya kebo nzuri upesi mno. Sabufa yangu ilikuwa ikivuma muda wote, mvumo mzito wa chini hata filamu ikiwa imesimamishwa. Nilibadilisha kebo ya RCA (inayopeleka sauti kutoka resiva hadi sabufa) iliyokuja na sabufa nikaweka ya bei kubwa zaidi, na mvumo ukakoma palepale. Hilo sikulisoma mahali, nilikaa nikalisikia. Kwa hiyo mtu akiniambia kebo zote ni sawa, siwezi kukubali.

Fundi Nyaya alijibu:

Hakuna aliyesema zote ni sawa, ndugu yangu, na ulichokisikia ni kweli. Kebo ya sabufa inabeba wimbi lenyewe la sauti, dogo sana, kabla halijakuzwa. Takataka yoyote ya umeme inayoingia njiani inakuzwa pamoja nalo. Ndiyo maana hapo kinga ina thamani: wavu wa shaba uliosukwa kwa karibu kuzunguka waya wa kati, na vichwa vinavyokamata kwa nguvu kila upande. Kebo yako ya kwanza huenda ilikuwa na wavu haba, au kichwa kilicholehemewa vibaya. Lakini kebo ya wastani yenye kinga kamili ingekuponya vilevile, kwa hiyo uliyoinunua ilikusaidia kwa wavu wake, si kwa bei yake.

Mvumo mwingine hautokani na kebo kabisa, bali na sabufa na resiva kuunganishwa na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) kwa njia mbili tofauti, na huo haukomi hata ukinunua kebo ya mfalme. Kuupambanua ni rahisi: zima kila kitu, chomoa kebo ya RCA kwenye sabufa, washa sabufa peke yake. Ikinyamaza, mvumo unaingia kupitia kebo au kupitia huo mzunguko wa ethi. Jaribu kwanza kuchomeka sabufa na resiva kwenye soketi za ukuta mmoja. Kuna watu hukata waya wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Usithubutu, ethi ipo kwa ajili ya uhai wako.

Bwana Mtazamaji, swali lako la tatu halijajibiwa. Kwa mpangilio wako huhitaji kebo ya mwanga ya sauti, kwa kuwa kicheza diski kinaingia kwenye resiva kwa HDMI, resiva inachukua sauti na kupeleka picha kwenye projekta. Ile kebo ya mwanga, ambayo Toshiba iliileta mwaka 1983, inabeba sauti ya spika mbili bila kubanwa, au miundo ya sauti iliyobanwa ya Dolby Digital na DTS za 5.1 (spika tano na sabufa), na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, miundo isiyopoteza kitu ambayo ndiyo sauti bora kwenye diski zako, hazipiti humo. Ukija kuweka runinga yenye programu zake ndani, tumia tundu lililoandikwa eARC kurudisha sauti kwenye resiva. ARC ya zamani hupitisha hata Dolby Digital Plus yenye Atmos, lakini si TrueHD.

Mtazamaji wa Usiku alijibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimefanya kama mlivyoelekeza na ninarudi na majibu.

Niliweka projekta juu ya kiti, nikaiunga na resiva kwa kebo ya mita 2 iliyokuja na kicheza diski. Kipindi kilekile kilikwenda saa mbili bila skrini kuzimika hata mara moja. Nikarudisha kebo ya mita 12, nikasubiri. Katika dakika ya sita giza likaja. Nilikagua kebo hiyo upya na kukuta imeandikwa High Speed tupu ubavuni, haina kibandiko cha kuskani popote, ingawa boksi lilijaa namba za toleo.

Nimepata kebo ya nyuzi za mwanga ya mita 15 yenye kibandiko cha Ultra High Speed, na simu ilipokiskani ilileta jina na urefu vilevile. Jioni ya kwanza nilikaribia kuirudisha, maana projekta ilisema hakuna ishara yoyote. Nikakumbuka maneno ya Fundi, nikachukua tochi na kusoma maandishi madogo kwenye vichwa: nilikuwa nimeichomeka kinyume. Nilipoigeuza picha ilitoka, na sasa ni siku ya nne haijazimika.

Kuhusu waya wa spika, nilikuwa nimeshanunua mita 20. Nilikwangua. Ni mweupe ndani.

Mzee wa Spika alijibu:

Pole, mwanangu. Urudishe ukiwa na kile kipande ulichokikwangua mkononi, na ukionyeshwa waya mwingine uukwangue hapohapo kaunta kabla hujatoa pesa.

Fundi Nyaya alijibu:

Vizuri umeijaribu sakafuni kabla ya kuifukia. Sasa ipitishe ndani ya bomba la plastiki lenye kipenyo kinachoruhusu kichwa cha HDMI kupita, na kona za bomba ziwe za mviringo badala ya kona kali. Mita 3 zinazobaki zizungushe duara pana juu ya dari, karibu na projekta. Ukivuta, shika gamba la kebo, usivute kwa kichwa. Waya wa umeme wa taa uupitishe kwenye bomba lake, mbali na kebo ya RCA ya sabufa na waya wa spika, na pale inapolazimu kukutana vivukane kama msalaba badala ya kwenda sambamba. Na ndani ya bomba acha kamba tupu ya nailoni yenye urefu wa njia nzima, ncha zikiwa zimefungwa huku na huku. Kebo hii ikichoka, utaifunga inayofuata kwenye kamba hiyo na kuivuta bila kugusa ukuta.